Nyaya Zilizonyooka Mno

Hapa Kolwezi kila mtu anajua shaba, au anadai kuijua. Nenda sokoni na kipande cha waya mkononi, mama wa nyanya atakuomba aukague. Ataupima kwenye kiganja, ataukwaruza kwa ncha ya kisu chake cha mboga, na akiona weupe ndani atakurudishia huku amebinua mdomo, maana ni alumini iliyopakwa shaba na wewe umeliwa. Hakuna aliyemfundisha. Tumezaliwa juu ya shaba, tunalala juu yake, vumbi lake tunalila pamoja na bukari, ugali wetu, na hatukubali mgeni atuambie lolote juu yake. Mimi ni mmoja wa watu hao na ninajivunia, hata pale majivuno hayo yanapotutia matatani, kama yalivyofanya mwaka ule baba yangu alipokaribia kupoteza kwaya yake.

Baba alikuwa fundi umeme katika karakana ya kampuni ya zamani ya migodi, tangu ujana wake hadi alipostaafu. Katika karakana ile waya ulikuwa na adabu zake. Kabla ya kuufunga mahali, unauvuta, unaupitishia kitambaa chenye nta, unaunyoosha mpaka usahau kwamba uliwahi kuviringishwa. Waya wenye mkunjo ulikuwa aibu ya fundi mbele ya wenzake. Nilipokuwa mtoto baba aliniketisha juu ya kigoda mlangoni, akanipa vipande vya waya na kitambaa, nami nikanyoosha huku wenzangu wakiruka kamba barabarani. Nilijua kunyoosha waya kabla sijajua kusuka nywele. Kusuka sijui mpaka leo.

Kila mfanyakazi wa kampuni alikuwa na jeton, kisahani kidogo cha madini ya manjano kilichogongwa namba yake, cha kutundika langoni akiingia kazini. Mafundi wa karakana ya baba waliitumia kwa jambo jingine pia. Kazi ya umeme ikimalizika, yule aliye tayari kuijibia alitundika jeton yake juu yake mpaka mkubwa wa kazi apite kuikagua. Ikiungua, hakuna maswali mengi: mkubwa anasoma namba. Mtu alitundika juu ya kazi yake mwenyewe, na hata hapo si juu ya kila kazi. Kutundika juu ya kazi ya mwingine kulikuwa jambo la kusimuliwa nyumbani wakati wa chakula.

Alipostaafu, baba aliondoka na jeton yake na kuitundika kwenye msumari karibu na mlango wa sebule. Niliwahi kuiona ikitoka pale mara chache tu. Ilitoka alipotia umeme katika nyumba yetu, ikatoka tena alipotengeneza vipaza sauti vya kanisa. Mimi nilipomaliza shule ya ufundi na kufunga mtandao wa kompyuta katika ofisi nzima ya kampuni moja, nilimpeleka akaone. Nilivaa nguo ya Jumapili kwa ajili hiyo. Alipita akitazama, akapitisha kidole gumba juu ya waya mmoja, akasema, "Inatumika." Nyumbani kwetu hiyo ni sifa. Lakini tuliporudi, jeton ilikuwa pale pale juu ya msumari, na siku ile sikula.

Mama, ambaye alikuwa bado hai, alinicheka. "Tata yako anakupenda," aliniambia. "Lakini ile jeton anaipenda namna ingine."

Kazi yangu ni kupeleka skrini na kibodi mbali na kompyuta yake. Watu wakisikia hivyo wananitazama kama ninawauzia dawa ya mapenzi, kwa hiyo nitaeleza. Migodini kompyuta hukaa katika chumba baridi kilichofungwa, kwa sababu vumbi letu huziua upesi. Lakini mtu anayezitumia yuko kule mashine zinakosaga mawe. Waya wa kawaida wa picha haufiki huko. Ukiurefusha mno, picha inachoka njiani na kufa. Basi mimi naweka kisanduku kimoja kwenye kompyuta, kingine kwenye skrini, na katikati yao unapita waya wa mtandao tu, ule wenye nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbili mbili. Picha inaenda upande huu, na kila kitufe unachobonyeza kinarudi upande ule. Mtu anafanya kazi kana kwamba kompyuta iko chini ya meza yake. Naipenda kazi hii, na ninaifanya vizuri, na sioni sababu ya kusema vinginevyo.

Sasa kwaya. Baba aliongoza kwaya ya kanisa letu la Kiprotestanti tangu kabla sijazaliwa. Wanakwaya wanakaa juu, kwenye jukwaa lililojengwa ndani ya kanisa, juu ya mlango mkubwa, mbali kabisa na mimbari. Nyimbo nyingi alizitunga yeye. Aliziandika kwa herufi za noti, d na r na m, mistari minne kwa sauti nne, na kiongozi lazima aione yote minne kwa pamoja, la sivyo hajui nani anaingia lini. Ndipo macho yake yakaanza kuondoka. Daktari alisema ugonjwa wake si wa kupasuliwa. Kilichobaki atakiona ikiwa ni kikubwa na chenye mwanga. Tulijaribu kuandika noti kwenye karatasi kubwa. Wimbo mmoja ulijaza karatasi za kutosha kufunika kitanda, na upepo wa dirishani ukaziangusha juu ya vichwa vya akina mama waliokuwa wakisali chini.

Kwenye mazoezi fulani sauti ya besi iliingia vibaya na baba hakuona. Wanakwaya waliimba kwa nguvu kumfunika, lakini watu walisikia. Wiki ile mama mwenyekiti wa kwaya alikuja nyumbani. Ni mwanamke mwema, mnene wa sauti na wa mwili, na ilimchukua chupa nzima ya limonade kufika kwenye neno lake.

"Tata, shiye tunakupenda," alisema. "Ile wimbo mupya yako, weye njo utaiongoza ku sikukuu ya mavuno. Lakini kama macho inakatala, utapatia makamu fimbo ya kuongoza. Tutakuwekea kiti ya heshima."

Baba alifikiri. "Ile kiti itakuwa wapi?"

"Kule mbele, Tata. Pembeni ya pastere."

"Kule mutu hasikie basse," alisema baba.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na damu inanichemka. Si kwa sababu mama yule alikosea. Hakukosea, na hilo ndilo lililonikasirisha. Nilimwona baba akipapasa goti lake kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka. Nilisema, bila kuulizwa na mtu, kwamba nitamletea skrini kubwa mbele ya uso wake, na herufi zitakuwa za kiganja kizima, na siku ya mavuno ataongoza.

Kanisa lina kompyuta moja. Inakaa katika ofisi ya mchungaji nyuma ya mimbari, pamoja na betri zake, ndani ya mlango wa chuma. Kuipandisha jukwaani haikuwezekana: kule juu kila mtu anapita, mvua ikinyesha paa linadondosha, na wazee wa kanisa wasingekubali itoke nje ya chuma kile hata kwa malaika. Basi ibaki pale ilipo. Skrini ndiyo ingepanda. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, tofauti ilikuwa kwamba safari hii mteja alinizaa.

Kulikuwa na shida moja zaidi. Kiongozi wa kwaya hana mkono wa kugeuzia kurasa. Huu una fimbo, huu unaita sauti. Ilibidi ageuze kwa mguu. Katika pembe ya chumba cha baba kulikuwa na cherehani ya umeme ya mama, ambayo hakuna aliyeigusa tangu tulipomzika. Nilimwomba baba pedali yake. Kesho yake niliikuta juu ya meza, imefutwa vumbi, waya wake umeviringwa vizuri. Niliifungua, nikaiunganisha na kibodi kuukuu mahali pa kitufe cha kugeuza ukurasa. Ukikanyaga mara moja, ukurasa mmoja unasogea. Baba aliijaribu akiwa peku, akasema mguu wa mama ulikuwa mdogo kuliko wake.

Nilikuwa nimekwisha kununua waya, wa shaba tupu, nao mama wa nyanya aliupitisha. Ndipo nikaitwa kwenda mgodi wa Kisenge, kwenye kazi niliyokwisha kuahidi. Nilikuwa na hofu ya siku kupita. Baba akasema yeye na rafiki yake wataweka waya, mimi nikirudi nitaunganisha visanduku tu. Rafiki huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye laini ya simu iliyofuata reli hadi Dilolo, mpakani mwa Angola. Ana miguu ya kupanda nguzo hata sasa, na macho ya kutosha kwa wote wawili. Niliwaachia mzingo wa waya na soketi mbili za ukutani, moja ya ofisini, moja ya jukwaani. Niliwaonyesha kila rangi inakaa wapi. Nilimkataza baba kupanda ngazi, naye alikubali haraka mno.

Nilirudi kutoka Kisenge siku ya Ijumaa, juu ya lori, na vumbi la barabara lilikuwa limenibadilisha rangi. Sikukuu ilikuwa Jumapili. Nilishuka kanisani moja kwa moja. Wazee wangu wawili walikuwa wamekaa ngazini wamevaa mashati safi, kama watu wanaongojea posa. Waliniongoza ndani, na nikaona waya umepita ukutani kutoka ofisini hadi jukwaani ndani ya mfereji wa mbao walioupiga randa wenyewe. Kila kishikio kilikuwa sawa na mwenzake. Kwenye kila ncha walikuwa wameacha mzunguko wa akiba, kama fundi anayejua kwamba kesho ipo. Nimeona kazi za kampuni kubwa zinazonuka haraka. Hii ilikuwa imefanywa na watu wasio na haraka.

Niliunganisha visanduku na picha ikaja. Herufi zilisimama kwenye skrini, kila moja kubwa kama kiganja. Baba alikaa kwenye kiti chake, akatazama kwa muda mrefu, akaanza kuimba chini chini mstari wa besi. Alikanyaga pedali, ukurasa ukasogea. Mama mwenyekiti alikuwa amekuja kupanga viti. Alijifuta macho kwa pembe ya kitenge na kujifanya ni vumbi langu.

Kisha mlinzi wa kanisa akawasha jenereta ili kujaribu vipaza sauti. Umeme wa bwawa la Nzilo unapita juu ya paa zetu kwenda migodini, sisi tunapata mabaki, kwa hiyo hakuna sikukuu bila jenereta. Ilikohoa, ikanguruma, na papo hapo skrini ikaanza kutetemeka. Mistari ikapita juu ya herufi. Picha ikazimika, ikarudi, ikazimika. Baba alikanyaga pedali na hakuna kilichosogea.

Alishusha mikono yake, akaiweka magotini. "Mama," aliniita, kwa maana nina jina la mama yake na ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. "Ni macho yangu ao ni ekra?"

"Ni ekra, Tata."

"Sawa," alisema. Nilimsikia akipumua. Lakini mama mwenyekiti alikuwa amesikia pia, na alishuka ngazi polepole, naye makamu wa kwaya anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Jumamosi asubuhi nilianza kutafuta. Nilibadilisha kisanduku hiki na kile, nikabadilisha nyaya fupi za kuunganishia, nikamwomba mlinzi asogeze jenereta hadi nyuma ya choo. Jenereta ikizimwa, picha safi, ikiwashwa, vita. Nilipima nyaya zote nane na taa ya majaribio, na zote ziliwaka kwa utaratibu wake, hakuna iliyokatika wala kukosea mahali. Kilichobaki kilikuwa soketi, ambazo sikuzifungua kwa sababu rangi zilikuwa sahihi na mifuniko ilifungwa vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Nilitoa skrubu za ile ya jukwaani.

Ndani ya kisanduku cha mbao nyuma ya soketi niliona kitu ambacho sijawahi kukiona mahali pengine, na sidhani kama kipo. Walikuwa wamechuna ganda la nje kwa urefu wa mkono mzima. Zile nyaya nane, nyembamba kama uzi wa kushonea, walikuwa wameziachanisha zote na kuondoa kila msokoto. Walizinyoosha moja moja kwa kitambaa na nta, wakazilaza sambamba kama nywele zilizochanwa, wakazifunga kwa uzi mweupe kila baada ya upana wa kidole. Nilikwenda ofisini nikafungua soketi ya pili. Ilikuwa vile vile. Fundi wa mji mwingine angekata upesi na kwenda kunywa bia. Ni watu wa Kolwezi tu wangekaa siku nzima kuunyoosha waya uliotengenezwa makusudi usinyooke. Nilicheka peke yangu mle ofisini, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikikumbuka kile kigoda mlangoni.

Niliwaita wote wawili juu jukwaani.

"Tata, hii kazi ni muzuri sana," nilisema.

Baba alinijua. "Njo ile inakusumbua?"

"Iko muzuri kupita, Tata. Lakini hizi fils hazipashwe kunyooka. Zinapashwe kubakia zimesokotana."

"Fil yenye kujikunja ni kazi ya mulevi," alisema baba. "Miye nilikufundisha hivi."

"Ulinifundisha juu ya courant ya kuendesha mashini. Hii inabeba maneno."

Nilichukua kipande cha waya kilichobaki na kukiweka mkononi mwake, ili vidole vyake vione. Nilimwambia: "Sikia hizi mbili. Zinabeba neno moja. Moja inalisema vile iko, ingine inalisema kinyume. Kelele ya groupe yenye kunguruma inje ikikuja inaangukia zote mbili sawa, juu ziko karibu na zinapishana kila mara. Kule mwisho ile boîte, kale kasanduku ya ekra, inazilinganisha. Ile yenye iko sawa kwa zote mbili, inaitupa, juu inajua ni kelele. Ile yenye inabakia njo picha. Tukiziachanisha, kelele inapata moja kuliko ingine, na boîte haijue tena nini ya kutupa."

Baba aliviringisha waya katikati ya vidole. Nilikuwa nikingoja anikaripie, na nilikuwa tayari kukaripiwa. Aliyesema ni rafiki yake.

"Ngoja," alisema yule mzee wa laini ya simu, mkono ameusimamisha kama nguzo. "Mu ligne ya Dilolo, fils zilikuwa mbili mbili ku poteau. Kiisha ukifika ku poteau fulani, ya kuume inapita kushoto, ya kushoto inapita kuume. Mbele tena, zinabadilishana tena. Chef alikuwa anasema fanyeni, na shiye tulifanya. Hakusema juu ya nini. Miye nilifikiri ni tabia ya Bazungu tu." Alianza kutikisika kwa kicheko. "Kumbe tulikuwa tunasokota! Polepole, mpaka Dilolo!"

Baba naye alicheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akanyoosha mkono. "Leta pince."

Nilichukua koleo nikasema, "Tata, acha nikate miye."

"Miye niliinyoosha," alijibu. "Miye nitaikata."

Alipapasa mpaka akapata pale ganda lilipoanzia, akaikata ile kazi yake yote kwa mkato mmoja. Zile nyaya zilizochanwa zilianguka sakafuni pamoja na uzi wao mweupe. Alivuta waya mpya kutoka kwenye mzunguko wa akiba, akachuna kidogo tu, na akaanza upya. Mimi nilimtajia rangi. Vidole vyake vilishika kila jozi na kuilinda isifunguke, mpaka pale nyaya zinapoingia kwenye chuma cha soketi. Macho hayakuhitajika. Nimefundisha vijana kazi hii na wengi wao hulegeza jozi kwa mkono mzito. Baba hakulegeza hata moja. Nilisimama pale nikiona fahari, ya kwake na ya kwangu, na sikujua ya nani ni ipi.

Nilishuka nikatengeneza soketi ya ofisini mwenyewe. Tulikuwa bado hatujui kama itasaidia, na jenereta ilikuwa haina mazut. Mlinzi alizunguka kutafuta kwa jirani, mimi nikamfuata nikimhimiza, na baba akabaki jukwaani na vifaa vyake. Jenereta ilipowaka hatimaye, nilipanda ngazi mbio. Herufi zilikuwa zimesimama kimya. Mlinzi alizidisha moto hadi madirisha yakalia, nazo zikasimama vile vile. Baba alikanyaga pedali ya mama, ukurasa ukasogea.

"Sasa inasimama," alisema.

Basi. Nilikunja kamba zangu nikanung'unika ndani kwa ndani kwamba mtu anaweza kumrudishia baba yake kwaya nzima na akapewa maneno mawili.

Jumapili nilipita nyumbani kumchukua. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu na amenyoa. Wakati wa kutoka niliona msumari wa sebuleni ni mtupu. Nilifikiri ameweka jeton mfukoni, kwa kuwa ilikuwa siku kubwa, na sikuuliza.

Kanisa lilijaa hadi nje. Mbele palikuwa na mahindi, mihogo, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi mmoja aliyekuwa na maoni yake juu ya mahubiri. Nilikaa jukwaani nyuma ya besi. Mama mwenyekiti alimweka makamu karibu na fimbo, kwa upole, ila alimweka. Baba alisimama, akagusa pedali kwa ncha ya kiatu, akainua mikono, na wimbo mpya ukaanza. Tulikuwa katikati ya ubeti wa pili umeme ulipokatika.

Skrini ilihamia kwenye betri za ofisini na ikaendelea kuwaka. Vipaza sauti vilikufa. Nilisikia jenereta ikikohoa kule nje, na nikaona jambo ambalo sitalisahau: wanakwaya wote, badala ya kumtazama kiongozi wao, waligeuza macho kwenye skrini. Makamu alinyanyuka nusu. Jenereta ikanguruma. Herufi hazikutikisika. Baba hakugeuka, hakupunguza mwendo. Alikanyaga, ukurasa mpya ukaja, akanyoosha fimbo kuelekea besi bila hata kuwatazama, nao wakaingia pale pale walipotakiwa. Sauti zao zilikuja kupitia mbao za sakafu na kunipanda miguuni. Makamu akakaa, na ninamsifu kwa hilo, akaimba kwa nguvu kuliko wote.

Baada ya ibada akina mama walipiga vigelegele hadi mbuzi akanyamaza. Mama mwenyekiti alimshika baba mikono yote miwili. "Tata, ile kiti ya heshima," alisema, "tutaipandisha huku juu."

"Muiweke karibu na basse," alisema baba, akashuka kwenda kula.

Mimi nilibaki kuzima vyombo. Niliinama nyuma ya ukingo wa jukwaa kufikia kisanduku, na mkono wangu ukagusa kitu baridi. Ilikuwa jeton. Ilining'inia juu ya soketi kwa vipande viwili vya waya mwembamba, wa buluu na mweupe mwenzake, vilivyosokotwa na mkono wa mtu kwa nafasi zilizo sawa kuanzia juu hadi chini.

Mlinzi alikuwa akifagia. Nilimuuliza kama aliona baba akiitundika leo asubuhi.

"Leo? Apana," alisema. "Ilikuwa jana. Mbele tupate mazut, vile nilipanda kuchukua bidon ya kutilia, nilimukuta anaifunga. Alisema nisikuambie."

"Mbele ya groupe kuwaka?"

"Mbele kabisa."

Aliitundika kabla jenereta haijawaka, kabla hajajua kama kazi itasimama. Nilikaa kwenye kiti cha baba nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Ile jeton iko pale mpaka sasa, juu ya kazi yangu. Nyumbani msumari ungali mtupu, na baba hataki mtu atundike kofia pale.